Mwaka Niliofundishwa Kusimama

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza, na hayo si majivuno, ni maisha tu yamenipeleka hivyo. Darasa la sita nililiacha njiani, na leo wenye digrii hunipigia simu mwanzo wa mwezi kuniomba niwangoje kidogo kodi. Nimesimamisha nyumba mbili za kupanga pale Kayole, ghorofa juu ya ghorofa, bila mkopo wa mtu wala benki. Nimeona mafuriko yakiingia buchani na kutoka na mizani. Nimeona mtu tuliyekwisha mchangia mazishi akishuka basi akiwa na begi lake, anauliza kwa nini tunamwangalia hivyo. Kwa hiyo Zaituni aliponipigia kuniambia Mzee Nzioka, mwalimu wetu wa zamani, amepumzika, nilimwambia pole, nitakuja, nikarudi kwenye sahani yangu. Kilichofuata sikukipanga. Mke wangu alitoka jikoni akanikuta nimesimama katikati ya zulia, magoti yamelegea, mikono imeinuka mbele ya kifua kama mtu aliyekumbatia pipa. Akaniangalia. "Baba Kevo, unatafuta nini?" Nikamwambia nimesimama tu. Akasema hilo analiona.

Mwaka ule wa Mzee Nzioka nilikuwa mbebaji wa nyama soko la Burma, kijana, na sijawahi kuwa na nguvu kama zile tena, wala sijaona mwingine akiwa nazo. Asiyejua kazi hiyo aelewe hivi: gari la nyama linafika kabla ya jua, na nusu ng'ombe haijui kutembea. Unatandika gunia begani, unainama, wanakupakia, halafu unauegemea ule mzigo na kwenda. Ukisimama wima umekwisha. Ni kuegemea na kusukumana na uzito mpaka mlangoni mwa bucha. Na sheria ilikuwa moja, nyama haigusi chini. Ikigusa chini imekuwa yako, na unapewa jina la kukufuata mpaka kaburini. Jamaa mmoja aliangusha bega la ng'ombe mara moja tu, akiwa na homa, akaitwa Mchanga mpaka akahama mji. Mimi sikuangusha hata siku moja. Waliniita Kreni.

Asubuhi moja nilikuwa na nusu ya fahali, nakuja kwa kasi, napiga kelele za "njia, njia", na watu wanapasuka pande mbili kama ilivyo desturi. Mbele yangu kulikuwa na kizee kidogo, kofia ya sufu, ameinama anachagua matumbo. Hakusikia, au alisikia akapuuza. Mtu mwenye nusu fahali begani hana breki. Nilimgonga. Yaani bega langu lilifika pale alipokuwa, hilo naweza kuapa mahakamani. Lakini sikusikia kishindo, wala sikusikia mtu akianguka. Nilijikuta naangalia gari la nyama, kule nilikotoka, mzigo bado uko begani, miguu yangu inaendelea na safari upande usio wake. Kizee alikuwa pembeni yangu, kikapu mkononi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika kuta. "Kreni, umesahau kitu kwa gari?" Nilipeleka nyama, nikatupa gunia, nikamfuata yule mzee mpaka barabarani.

"Mzee, umenifanya nini?"

"Mimi? Mimi nimenunua matumbo."

Huyo ndiye Mzee Nzioka, na sikumwacha mpaka akakubali kunifundisha. Alikuwa anakaa Makadara, chumba kimoja katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, ua mmoja na bomba moja kwa milango mingi. Hapo zamani alikuwa dereva wa lori katika kambi ya Wachina wajenzi wa barabara, na mpishi wa kambi ile, mzee mwembamba, ndiye aliyemfundisha taichi, ile sanaa yao ya mapigano ya mwendo wa polepole, kila asubuhi kabla ya chai. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mpishi anafanya, Nzioka anafanya, mpishi anamgonga goti kwa mwiko, Nzioka anarekebisha. Kazi ilipokwisha alirudia uchongaji, kama watu wengi wa kwao Ukambani, na alikuwa mchongaji wa twiga. Kwa hiyo tulijifunzia katikati ya twiga wasio na miguu, juu ya maganda ya mbao, harufu ya vanishi imeshika kila kitu, hata chai. Majina ya Kichina hakuyajua, akayabatiza yake. Kuna mwendo wa viganja kupita mbele ya uso taratibu, kimoja baada ya kingine, yeye aliuita Kufuta Kioo cha Lori. Kurudi nyuma huku unasukuma hewa kuliitwa Kumkataa Nyani. Baadaye sana nilimwona Mchina mmoja mwenye duka la vyombo akiufanya mwendo huo nyuma ya duka lake, nikamuuliza unaitwaje, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba hapo anafukuzwa nyani. Nilikaa ndani ya gari langu muda mrefu kabla ya kuwasha.

Siku ya kwanza nilivua shati nimwonyeshe mwili. Hakuuangalia. Alinipanga miguu, akanilegeza magoti, akaniinua mikono kama nalikumbatia debe. "Simama," akasema.

"Halafu?"

"Halafu usimame."

Nilidhani ni mzaha wa kumpima mgeni. Haukuwa mzaha. Kwa wiki na wiki sikufanya kitu kingine katika chumba kile. Nikitoka Burma, nikishajiosha damu, natembea mpaka Makadara kwenda kusimama. Na jambo la kunichanganya kabisa ni kwamba mimi, mtu wa kubeba nusu fahali, nilikuwa natetemeka. Mapaja yanacheza kama ya kondoo aliyenyeshewa, jasho linanidondoka puani, na sijabeba hata kijiko. Kando yangu alisimama Zaituni, muuza vitambaa, mwanamke aliyenizidi umri, mnene wa wastani, buibui yake na kandambili, anasimama huku akimsimulia Mzee bei ya dera ilivyopanda. Hatetemeki. Ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba, na kila jioni tulimsikia mama wa nyumba ile akimwamsha mumewe kwa maneno. "Hata wale wehu wa Nzioka wanasimama, wewe umelala tu." Na mume anajibu, "Mwambie Nzioka anilipe, nitasimama."

Baadaye tulikula. Hiyo ndiyo sehemu niliyoielewa. Mzee alipika muthokoi kwa matumbo, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, sufuria moja, sote watatu tunakaa juu ya magogo. Zaituni alibeba chakula chake, kwa sababu ya mambo ya halali, lakini mchuzi wa pilipili aliokuja nao ulikuwa wa wote. Mzee alipakua polepole kama alivyofanya kila kitu, na alinipakulia mimi wa mwisho. Sikuuliza kwa nini. Mpaka leo nikipakuliwa wa mwisho mahali, na siku hizi ni nadra, nasikia harufu ya vanishi.

Mvua za masika zilipokwisha aliniruhusu kutembea. Hata kutembea kwenyewe kulikuwa kwa kichawi. Unautanguliza mguu mtupu, kama mtu anayejaribu kama maji ya bafu ni ya moto, halafu unamimina uzito ndani yake kidogo kidogo, mguu wa nyuma unabaki ganda. Kutoka mlangoni hadi kwenye dirisha ilikuwa safari ya kuchosha kuliko Burma. Halafu akaanza kutufundisha mwendo mzima, kipande kwa kipande, na hapo niliwaonyesha. Nina kichwa kizuri, hilo hata walimu walionifukuza walilijua. Zaituni akiwa bado anamtafuta nyani wake, mimi nilikuwa nimemaliza mwendo wote, mwanzo hadi mwisho, sijakosea mkono. Nikaufanya mbele ya Mzee jioni moja, laini kama mafuta. Aliweka patasi chini, akatazama mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Sawa. Sasa rudi ukasimame."

Nawauliza wasomaji, hiyo ni shule gani? Nilikuwa nimepita ukumbi wa ngumi nikiwa kijana mdogo, najua mafunzo yanavyokwenda. Unaanza na kamba, unapewa gunia la kupiga, unapewa mtu wa kupiga, mwisho unaingia ulingoni, na kila hatua unajua umefika wapi kwa sababu pua yako inakuambia. Kwa Mzee Nzioka nilikuwa napanda ngazi na kila nikiangalia niko chini yake. Nilipofanya vibaya alinyamaza. Nilipofanya vizuri alinirudisha mwanzo. Zaituni aliyesahau nusu ya mwendo aliambiwa "vizuri" karibu kila jioni, na mimi niliyeuhifadhi wote sikulisikia neno hilo.

Karibu na katikati ya mwaka Mzee alitutangazia, akiwa anasugua shingo ya twiga kwa msasa, kwamba binti yake aliyeko mji wa Wote anamtaka nyumbani, na magoti yake nayo yanamtaka nyumbani. Krismasi haitamkuta Makadara. Chumba atamwachia mmoja wetu, pamoja na kufundisha, kwa sababu asubuhi za Jumamosi walikuwa wanakuja watu wengine, wazee wa shinikizo la damu, madereva wa migongo mibovu, na hakutaka wakute kufuli. Ataangalia mikono yetu kisha ataamua.

Sasa nisidanganye mtu kuhusu nilichotaka. Nilikuwa nalala Kayole, wanaume wanne chumba kimoja, godoro kwa zamu, na natoka gizani kutembea mpaka Burma. Makadara hadi Burma ni hatua chache. Chumba kile, bomba uani, mlango wangu wa kufunga mwenyewe, kingenibadilishia maisha, na nilishakipima kwa macho nikajua kitanda kitakaa wapi. Lakini pia nilitaka anichague. Hilo silielewi vizuri hata sasa. Wanaume wakubwa wa Burma walinisifu kila siku na sifa zao niliziacha pale pale na gunia. Huyu mzee wa matumbo akisema "vizuri" mara moja tu, nilidhani nitalala usingizi wa mwaka.

Mikono yenyewe ilikuwa hivi. Mnasimama mnaelekeana, mguu mmoja mbele, mnagusanisha vifundo vya mikono, mnazungusha kama watu wanaosaga kwa jiwe moja. Katika kule kuzunguka kila mmoja anatafuta kumwondoa mwenzake alipo. Ukisogeza mguu, umeondolewa. Zaituni alivuta mikono ya buibui mpaka kwenye vidole ili ngozi isiguse ngozi, akasema bismillahi, tukaanza. Nilimwondoa. Tukaanza tena, nikamwondoa. Jioni zote, mwezi baada ya mwezi, sikumbuki kusogeza mguu wangu mbele ya mwanamke yule. Nilimpeleka mpaka kwenye twiga, nikampeleka mpaka kwenye jiko. "Kreni, leo umenifikisha Machakos," anasema, anacheka, anajipangusa vumbi la mbao, anarudi na mikono yake milegevu kama nguo mbichi kwenye kamba. Na Mzee, bila kuinua macho kutoka kwenye patasi: "Vizuri, Zaituni."

Nikasema labda Mzee haoni vizuri. Nikaomba nisukumane naye mwenyewe. Niligusa mkono wake, mwepesi, mkavu, nikaweka nguvu kidogo kwa heshima, halafu nikaongeza. Hakuna nilichokipata. Ilikuwa kama kuegemea pazia ukidhani nyuma yake kuna ukuta. Miguu yangu haikusogea, nilijizuia kwa mapaja, nikabaki nimemning'inia.

"Unanibeba," akasema. "Nitue."

"Mzee, sijakubeba."

"Nitue, kijana."

Nilitafuta pa kumtulia, sikupaona. Nikazidi kumshika ili nisimwangushe.

Jioni nyingine nilikuwa bombani naosha sahani, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Zaituni akisema, "Mzee, si umwambie tu? Kijana anaumia." Patasi ikagonga mara kadhaa. "Nikimwambia," Mzee akasema, "atalifanya kwa nguvu." Zaituni akacheka kidogo. Mimi nikasimama pale na sahani mkononi, maji yanamwagika, jirani ananiambia nifunge bomba. Kulifanya nini kwa nguvu? Na kama ni jambo la kufanya, kuna ubaya gani likifanywa kwa nguvu? Nilikesha na swali hilo kwenye godoro la zamu. Kesho yake niliamua kwamba walikuwa wanaongea juu ya mtu mwingine.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi chumba kilikuwa kimeshafungashwa. Twiga wote wameuzwa au wamefungwa kwa magazeti. Mzee alituchemshia chai ya tangawizi, tukanywa, akatuambia tusukumane mara moja ya mwisho. Nilijua ni hapo. Nilimwangalia Zaituni, naye akanitabasamia kama mtu asiyejua kuna chumba kinachogombewa, ingawa alikuwa na watoto na dari yake ilikuwa inavuja. Niliingia kwa mwili wote. Nilimtoa mahali pake, nikamtoa mlangoni, nikamtoa mpaka uani kwenye kamba za nguo, akabaki amejifunika shuka la jirani. Msukumo ulikuwa mmoja, na mguu wangu wa nyuma haukunyanyuka. Niligeuka kumwangalia Mzee, kifua kimejaa. Alikuwa amekwisha kutoa ufunguo wa kufuli mfukoni. Akanipita, akatoka uani, akamfunua Zaituni lile shuka, akamtia ufunguo mkononi.

"Mzee, umeona vile nimemtoa?"

"Nimeona."

"Mpaka nje."

"Mpaka nje, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa ufunguo ni wake."

Sikumaliza chai. Sikumuaga. Nilirudi Kayole kwa miguu na sikuweka mguu Makadara tena mpaka Mzee alipokufa. Ukiniuliza, hasira ile ndiyo iliyonijengea nyumba. Nilisema nitapata chumba changu, nikapata, nikapata cha juu yake, na cha juu ya hicho, mpaka mafundi wakaniambia bosi hapa inatosha, msingi utalalamika. Kila nikiweka tofali nilikuwa namuuliza mzee yule: umeona? Na kila mara nilimsikia akijibu kwamba ameona.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa matanga, uani kwa Zaituni, ua ule ule wa Makadara, chini ya hema la kukodi, sikwenda kulia. Nilikwenda kuuliza. Walikuwa wamejaa: wazee wa shinikizo la damu, vijana wa kike na wa kiume wenye suruali za mazoezi, wote wanafunzi wa Zaituni, wote wamesimama kwa namna ninayoijua. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele, amezeeka, amenenepa, miwani. Chumba nyuma yake kilikuwa kile kile. Nilichangia kiasi kilichomfanya katibu asome jina langu mara mbili, kisha nikainuka.

"Dada Zaituni, kabla hatujafika kwa habari ya gari la kumpeleka Wote, mimi nina swali. Kwa nini wewe?"

Yeye hakujifanya hajaelewa. "Kreni," akasema, na hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu nianze kuitwa mwenye nyumba, "wallahi sijui. Nilimuuliza siku ile nikimsindikiza kwa basi. Akaniambia habari za mvua ya Ukambani."

"Hakusema kitu?"

"Alisema wewe utarudi. Nami nikaweka chai kila Jumamosi, nikachoka." Akainuka kwa shida, akavua miwani akampa kijana mmoja, akavuta mikono ya buibui mpaka kwenye vidole. "Lete mkono."

Ningekataa. Mtu wa heshima yangu, suti, mbele ya umati. Lakini mkono ulishakwenda. Tukaanza kuzungusha, polepole, na alikuwa mwepesi kama zamani, hana kitu ndani. Nikamwegemea. Naye akawa anakwenda, anakwenda, na mimi nikawa namfuata, na mahali fulani katika kule kuzunguka nikachoka. Sijui kueleza vingine. Haukuwa uchovu wa mapaja. Ulikuwa uchovu wa miaka yote, wa kila mlango wa bucha, kila tofali, na nikasikia mabega yangu yakishuka yenyewe, kama yamesikia mtu akiyaruhusu. Hapo nikaenda. Nilirudi nyuma hatua nzima, nikagonga meza ya chai, nikalala chali juu ya viti na birika kubwa la kukodi, glasi zinavunjika chini ya suti yangu, maziwa yanatiririka kwenye kola. Niliangalia juu nikaona kitambaa cha hema, cheupe na bluu, na sikuwa na haraka ya kuinuka. Wale wa shinikizo la damu walipiga makofi kana kwamba nimefanya jambo.

Zaituni aliniinamia. "Umeumia?"

"Sijaumia. Niambie ukweli, dada. Umenisukuma, au nimejiachia?"

Alilipima swali, kwa haki kabisa. "Mimi nilikuwa nimeshauondoa mkono," akasema.

Nimeliwaza jambo hilo kila usiku tangu tumzike Mzee. Kama alishauondoa mkono, nani aliniangusha? Na kama nilijiachia, mbona sikuamua? Na lile aliloogopa Mzee kwamba nitalifanya kwa nguvu, ndilo nililolifanya pale bila nguvu, au nilizeeka tu nikaanguka kama watu wengine? Mke wangu anasema nipime presha. Ninachokijua kwa hakika ni kimoja, kwa sababu nilikilipa papo hapo, bado nimelowa maziwa, na kwa mara ya kwanza maishani sikuomba nipunguziwe. Kijana wa hema alihesabu viti, akatikisa birika, akaokota vigae vya glasi, akaniambia: "Bosi, elfu saba mia nne na hamsini."